Mwajiri Ana Haki ya Kujua Nini Kuhusu Mwili Wako?

Barua ya ajira ikishatoka, kinachofuata mara nyingi ni fomu ya daktari. Kijana anapewa karatasi mbili zilizobanwa pini, anaambiwa aende hospitali asubuhi kabla hajala kitu, arudi na majibu. Anafika maabara, anakunja mkono wa shati, inatolewa damu chupa mbili tatu. Anapewa kikopo cha mkojo na kingine cha choo, anapigwa picha ya kifua, anasomeshwa herufi ukutani jicho moja likiwa limefunikwa. Baada ya siku kadhaa anakabidhiwa bahasha aipeleke kazini. Ukimuuliza damu ile imepimwa nini, wengi hawajui. Ukimuuliza ni nani atakayeisoma, hajui kabisa.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya utumishi ya kampuni moja, na bahasha hizo zilipita nyingi mbele yangu. Moja sijaisahau. Nilifungua jalada la mfanyakazi wa stoo kutafuta nakala ya cheti chake cha kidato cha nne, nikakuta majibu yake ya maabara yamebanwa katikati ya vyeti vya shule, na kipimo cha VVU kimezungushiwa duara la kalamu nyekundu. Jalada lile lilikuwa likishikwa na karani wa masijala, mhasibu wa mishahara, na yeyote aliyetumwa kulileta. Nilimuuliza mkubwa wangu kwa nini tulihitaji kujua hali ya VVU ya mtu anayepanga maboksi. Alinijibu, "Ni utaratibu tu." Jibu lile halikuniridhisha wakati ule, na kila niliposoma zaidi kuhusu vipimo vyenyewe lilizidi kutoniridhisha.

Mwajiri anaposema anataka kujua afya yako, anaweza kuwa anauliza mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Anaweza kuuliza kama unaiweza kazi hii leo. Anaweza kuuliza kama ukiwa kazini utawaambukiza au kuwadhuru wengine. Au anaweza kuuliza kama utaugua miaka ijayo ukamtia hasara. Swali la kwanza ni lake. La pili ni lake kwa baadhi ya kazi, siyo zote. La tatu si lake, na ndilo linalojificha nyuma ya fomu nyingi.

Dereva wa basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza lazima aone vizuri, na asiwe mtu anayeweza kupoteza fahamu ghafla akiwa kwenye usukani na abiria nyuma yake. Hapo hakuna cha kubishania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, ulemavu au VVU, lakini hapohapo inakubali kwamba si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa sharti ambalo kazi yenyewe haiendi bila hilo. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe, ili ijulikane kama wanafaa kwa kazi wanayokwenda kuifanya. Kwa hiyo kupima si dhambi. Sheria imekifunga kipimo kwenye kazi, na kazi ndiyo inayopaswa kuamua kipimo gani kifanyike. Karani, mchomeleaji vyuma na muuguzi wa wodi ya wazazi wakipewa fomu ileile yenye vipimo vilevile, ujue hakuna aliyekaa akaifikiria kazi ya hata mmoja wao.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa utumishi wachache hulijua, nami sikulijua: kipimo cha maabara mara nyingi hakioni ugonjwa wenyewe. Kinaona alama zake. Alama hizo zinaweza kuwa za leo, za miaka kumi iliyopita, au za kitu kingine kabisa.

Chukua kaswende. Kuna vipimo vinavyotafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu. Aina moja ya vipimo hivyo inaweza kusema "ndiyo" kwa mtu mwenye malaria, kwa mjamzito, au kwa mwenye maradhi ambayo mwili hujishambulia wenyewe, hata kama hajawahi kuugua kaswende. Aina nyingine ni makini zaidi, lakini ina tabia yake: mtu akishaugua akatibiwa akapona, kipimo hicho kwa kawaida huendelea kusema "ndiyo" maisha yake yote, kwa sababu mwili haukusahau vita ile. Mtu asiyejua tofauti hiyo akiisoma karatasi, anamwona mgonjwa. Daktari anayeijua anaona mtu aliyepona zamani.

Au chukua picha ya kifua. Kifua kikuu kikitibiwa kikapona, kinaweza kuacha kovu kwenye pafu, kama kidonda kinavyoacha kovu kwenye goti. Kovu haliambukizi mtu. Wenzetu wanaokwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Oman au Qatar hupimwa kabla ya kusafiri katika vituo maalumu: picha ya kifua, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na kwa wanawake ujauzito. Kila anayejua habari za safari hizo ana habari ya mtu aliyerudishwa kwa sababu ya alama kwenye mapafu. Ametibiwa akamaliza dozi, na makohozi yake hayana vijidudu, lakini karatasi imeandikwa hafai. Kwa mtu aliyeuza shamba kulipia pasipoti na wakala, hilo ni anguko la nyumba nzima. Nalo limetokana na kulichukulia kovu kuwa ni kidonda.

Wapishi nao wana hadithi yao. Katika Tanzania na Kenya anayeshika chakula cha watu hutakiwa kuwa na cheti cha afya, na hilo lina sababu nzuri. Bakteria wa homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi, anaweza kukaa kwenye kibofu cha nyongo cha mtu kwa miaka, hasa kama kuna vijiwe, akitoka kidogokidogo kupitia choo bila mwenyewe kuumwa hata siku moja. Mbebaji maarufu kuliko wote ni Mary Mallon, mpishi mhamiaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri wa New York. Mwaka 1906, katika nyumba moja ya mapumziko huko Oyster Bay, watu 6 kati ya 11 waliugua taifodi. Mchunguzi George Soper alifuatilia nyumba moja baada ya nyingine hadi akamfikia yeye. Mary alikuwa mzima wa afya na hakukubali kabisa kwamba ana ugonjwa. Mwaka 1907 alikamatwa akawekwa kisiwani, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Alijaribu kufua nguo. Ufuaji ulilipa kidogo kuliko upishi. Akabadili jina, akarudi jikoni, na mwaka 1915 watu 25 wakaugua katika hospitali ya wazazi alikokuwa akipika. Wawili walikufa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938.

Watu huisimulia habari hii kama hoja ya kupima kila mtu kila kitu. Mimi naisoma tofauti. Kwanza, kipimo cha damu cha taifodi kinachofanywa sana mitaani kwetu, kile cha Widal, kinatafuta kingamwili. Hakimwambii mtu kama mpishi huyu anatoa vijidudu kwenye choo chake leo, na kinaweza kuwa "ndiyo" kwa mtu aliyeugua zamani au aliyechanjwa. Mbebaji hutafutwa kwenye choo, tena kwa sampuli zaidi ya moja, kwa sababu vijidudu havitoki kila siku. Cheti kilichopatikana kwa kipimo kisicho sahihi kinamtuliza mwenye hoteli tu, wala hakimlindi mlaji. Pili, na hili ndilo linaloniumiza, Mary aliambiwa aache kazi aliyoijua bila kupewa nyingine inayomlisha. Lilikuwapo swali halali la afya ya umma, na kipimo kilikuwapo, ila hakuna aliyefikiria mshahara wake. Kama angepata kazi yenye kipato kama kile cha upishi, hatuwezi kuwa na uhakika kwamba angerudi jikoni. Wabebaji wengine wengi waligunduliwa baadaye katika jiji lilelile na hawakufungiwa kisiwani.

Kuna hesabu moja ambayo natamani kila anayesimamia ajira aifanye kwa mkono wake angalau mara moja. Tuseme kiwanda kinaajiri watu 2,000, na kinapima ugonjwa ambao mtu mmoja kati ya 100 anao. Kipimo ni kizuri: kinawapata wagonjwa 95 kati ya 100, na kinawaambia ukweli wazima 95 kati ya 100. Wagonjwa wote ni 20, kipimo kitawakamata 19. Wazima ni 1,980, na kipimo kitakosea kwa 5 kati ya kila 100, yaani watu 99. Jumla ya walioambiwa "una ugonjwa" ni 118. Wenye ugonjwa kweli kati yao ni 19. Waliobaki, zaidi ya wanane kati ya kila kumi, wameitwa wagonjwa wakiwa wazima.

Kipimo hakikuharibika. Ndivyo hesabu inavyokwenda kila unapotafuta kitu adimu kwa watu wengi wasio na dalili. Hospitalini jambo hili lina dawa: jibu la kwanza huthibitishwa kwa kipimo cha pili cha aina nyingine, wakati mwingine na cha tatu, kabla mtu hajaambiwa lolote. Ndivyo inavyofanyika kwa VVU. Lakini ofisi ya ajira haina subira hiyo. Ina waombaji wengine foleni, na aliyeandikwa "ndiyo" mara moja jina lake linapitiwa na mstari bila yeye kuitwa wala kuelezwa. Wale 99 hawatajua kamwe kwa nini simu haikupigwa.

Hata jibu la kipimo likiwa sahihi, bado lazima lihusiane na kazi. Kesi iliyolifafanua hilo vizuri zaidi kwa Afrika, kwa maoni yangu, ni ya Jacques Hoffmann dhidi ya shirika la ndege la Afrika Kusini. Mwaka 1996 Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege. Waombaji walikuwa 173. Baada ya usaili na majaribio walibaki 12, naye akiwa mmoja wao. Daktari alimwona anafaa. Kisha majibu ya damu yakaja na VVU, ripoti ikabadilishwa, akaandikwa hafai.

Shirika lilikuwa na hoja, na si vizuri kuzipuuza. Lilisema wahudumu wa ndege husafiri nchi zenye homa ya manjano, na chanjo yake hutengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho kinaweza kuwa hatari kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Lilisema mtu mwenye VVU anaweza kuugua maradhi nyemelezi akashindwa kumsaidia abiria wakati wa dharura. Lilisema pia kwamba hataishi muda wa kutosha kurudisha gharama za mafunzo.

Ukizipima hoja hizi kwa biolojia, zinaanza kumomonyoka. VVU huingia ndani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ndizo waratibu wa kinga ya mwili, huzitumia kuzaliana, kisha huziua. Lakini uharibifu huo huchukua miaka hata bila dawa. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ya kuugua, mtu anaweza kukaa muda mrefu na CD4 za kutosha, akipanda ngazi na kubeba mizigo kama mwingine yeyote. Kinachohusu chanjo na maradhi nyemelezi ni hali ya kinga yake, siyo kuwapo kwa kirusi. Madaktari waliotoa ushahidi walisema hivyo, na kwamba mtu ambaye kinga yake haijashuka anaweza kuchanjwa na kuifanya kazi. Halafu kulikuwa na tundu kubwa zaidi: wahudumu waliokwishaajiriwa hawakuwa wakipimwa. Aliyepimwa leo akaonekana hana, anaweza kuambukizwa mwezi ujao akaendelea kuruka miaka. Kama kweli lengo lilikuwa usalama wa abiria, sera ile ilimlinda nani?

Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandile Ngcobo, ilisema kumnyima kazi kulikuwa ubaguzi, na ikaamuru shirika limpe kazi ileile mara moja. Iliikataa pia hoja kwamba abiria wangeogopa na biashara ingedorora: woga wa wateja usio na msingi hauwezi kuwa kipimo cha haki za mtu. Na ilitaja neno ubuntu. Sisi tunalo lilelile: utu.

Yote hayo yalikuwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijasambaa kama leo. Sasa mtu anayezimeza kila siku, akafikia hatua ambapo virusi havionekani kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana na anaweza kuishi hadi uzee. Hoja ya gharama za mafunzo imekufa kabisa, na bado kipimo kipo kwenye fomu. Kipo ingawa Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inayokataza kumlazimisha mtu kupima VVU isipokuwa katika mazingira machache, na Kenya ina yake ya mwaka 2006 inayosema wazi kwamba kipimo hicho kisiwe sharti la kupata kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbele zaidi, ikataja hali ya afya na ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Mwaka 2013 Mahakama ya Kazi jijini Nairobi iliamua kesi ya mwanamke, anayetajwa kwa herufi VMK tu, aliyepimwa VVU bila kuombwa ridhaa kisha akaachwa kwenye mikataba ya muda mfupi mwaka baada ya mwaka. Aliamriwa alipwe karibu shilingi milioni 7 za Kenya.

Baada ya virusi zinakuja jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, na hapa swali la tatu, lile la kesho, ndipo linapovua kanzu.

Wengi wetu tunalijua sikoseli. Kinachosahaulika ni tofauti ya mgonjwa na mbebaji. Mtoto akirithi jeni ya sikoseli (selimundu) kwa baba na kwa mama, anaugua. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, huitwa AS, na sehemu kubwa ya hemoglobini yake, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ni ya kawaida. Wengi huishi hadi kuzeeka bila kujua. Tena jeni hiyo moja humkinga mtoto na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilithibitisha hilo kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki na kuuchapisha mwaka 1954. Ndiyo maana watu wa AS ni wengi Pwani na Kanda ya Ziwa: mbu aliwachuja babu zetu, waliobaki wakaturithisha kinga yao.

Sasa mwajiri akipima jeni hii, anapata nini? Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa vijana wenye AS hadi mwaka 1981, na waliokataliwa walikuwa karibu wote weusi. Ni kweli kwamba mazoezi makali mno kwenye joto kali, bila maji, yana hatari fulani kwa mtu wa AS. Lakini njia iliyoonekana kufaa ni kuwapa askari wote maji, mapumziko na mazoezi yanayopanda taratibu. Njia hiyo humlinda mwenye AS, na humlinda pia asiye nayo ambaye jua lingemwangusha vilevile. Kwa maoni yangu, mfano huu una somo kubwa kuliko sheria zote: mara nyingi kinachohitaji kupimwa na kurekebishwa ni kazi.

Mwaka 2001 kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe, hukohuko Marekani, ilishtakiwa na tume ya serikali ya usawa kazini. Mafundi wake wa reli walikuwa wakilalamika ganzi na maumivu ya viganja kutokana na kazi, na waliponyooshewa sindano kwa ajili ya "uchunguzi" hawakuambiwa kwamba damu yao ingetafutiwa kasoro adimu ya jeni inayofanya mishipa ya fahamu iwe dhaifu. Kama ingepatikana, lawama ingehama kutoka kwenye mashine zinazotetema hadi kwenye ukoo wa fundi. Kampuni ilikubali kuacha, na mwaka 2002 ikalipa dola milioni 2.2. Mwaka 2008 Marekani ikapitisha sheria inayomkataza mwajiri kutumia habari za jeni katika ajira, zikiwamo habari za magonjwa ya wazazi na ndugu. Nawaomba wasomaji walioko kwenye ofisi za utumishi waangalie fomu zao. Kile kisanduku kinachouliza "Je, katika familia yenu kuna kisukari, shinikizo la damu, kifafa?" ni kipimo cha jeni kilichofanywa kwa kalamu.

Ujauzito una mantiki hiyohiyo, ila umevaa nguo ya huruma. Mwajiri husema anataka kumlinda mama na mtoto. Madini ya risasi ni mfano mzuri, kwa sababu hatari yake ni ya kweli: huvuka kondo la nyuma na kuharibu ubongo unaojengeka wa mtoto. Kiwanda cha betri cha Johnson Controls kilitumia hoja hiyo kuwazuia wanawake wote wenye uwezo wa kuzaa wasishike kazi zenye risasi, ambazo ndizo zilizolipa vizuri. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa sera hiyo. Ushahidi ulionyesha kwamba risasi hudhuru pia mbegu za kiume, lakini hakuna mwanamume aliyezuiwa. Aliyekuwa akilindwa zaidi alikuwa kiwanda, dhidi ya gharama ya kuisafisha hewa yake. Mjamzito anahitaji kuambiwa hatari ilipo na kupewa nafasi ya kuhamishwa kwa mshahara uleule akitaka. Kipimo cha mkojo kabla ya barua ya ajira hakimpi kati ya hayo hata moja.

Nisieleweke kama ninavichukia vipimo. Vipo vinavyookoa watu, nami ningependa vifanywe zaidi. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo laini ambavyo hutikiswa na sauti. Kelele kubwa ya kila siku huziua, na zikifa hazioti tena. Uharibifu huanza na sauti nyembamba, karibu na hetsi 4,000, ambazo mtu hazikosi anapozungumza na jirani. Kwa hiyo fundi wa kiwanda cha mabati hupoteza usikivu miaka kadhaa kabla hajajigundua. Akipimwa siku anapoanza kazi, kisha kila mwaka, mashine itaona shimo linachimbika na kutakuwa bado na muda wa kumwokoa. Vivyo hivyo kwa wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, Mererani au Geita. Chembe za silika huingia ndani kabisa ya pafu, walinzi wa mwili huzimeza wakafa nazo, na kila kifo huacha kovu. Pafu lenye makovu hayo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 2019 mahakama mjini Johannesburg iliridhia mpango wa kuwafidia wachimbaji wa dhahabu waliougua hivyo, wa takribani randi bilioni 5. Wengi wao walikuwa wamerudi vijijini wakikohoa, bila karatasi ya kuonyesha kifua chao kilikuwaje siku ya kwanza.

Kipimo cha siku ya kwanza, basi, ni ushahidi wa mfanyakazi. Ndiyo maana nakala inapaswa kuwa yake, na ndiyo maana kipimo cha siku ya kuondoka kina uzito sawa na cha siku ya kuingia, ingawa waajiri wengi hukisahau kwa kuwa aliyeondoka si wao tena.

Limebaki suala la bahasha. Daktari wa kazini hapaswi kusema na mwajiri kwa lugha ya magonjwa. Anaandika moja kati ya majibu matatu: anafaa, hafai kwa kazi hii, au anafaa kwa masharti. Masharti yenyewe yanaandikwa kwa lugha ya kazi: asibebe zaidi ya kilo 15 hadi Machi, asifanye kazi juu ya ngazi, asipangwe zamu ya usiku. Afisa utumishi hahitaji kujua kama sababu ni uti wa mgongo, kifafa au dawa anazomeza. Anahitaji kupanga zamu. Majibu ya maabara yanabaki kwa daktari na kwa mwenye mwili. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeziweka habari za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Kila kampuni yenye kabati la majalada iko ndani ya sheria hizo, hata kama haina kompyuta.

Na ridhaa? Fomu nyingi zina mstari wa kusaini chini: nimekubali kupimwa. Lakini mtu aliyetafuta kazi miaka mitatu atasaini chochote kilichowekwa mbele yake. Saini hiyo ina maana ikiwa tu ameambiwa kila kipimo kinatafuta nini na kinahusianaje na kazi, na ikiwa kukataa kipimo kisichohusika hakumpotezei nafasi. Vipimo vikiwa ni vile vinavyoihitaji kazi yenyewe, hakuna mwenye akili atakayevikataa. Rubani hakatai kupimwa macho.

Lile jalada la mfanyakazi wa stoo nilikaa nalo mezani asubuhi nzima. Mwishowe niliitoa karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikamfuata hukohuko stoo na kumkabidhi mkononi. Nilimwambia haikupaswa kuwa kwetu. Aliifungua, akaiangalia kidogo, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Kisha akaniuliza ni nani wengine walioisoma. Jalada lilikuwa limekaa masijala miaka minne.